Meza isiyouliza nani amechinja



Kwetu sisi, mtu akialikwa kwenye shughuli, kinachotazamwa kwanza si maua wala muziki. Ni nyama. Kamati ya maandalizi inaweza kusamehewa turubai linalovuja na spika zinazokoroma, lakini pilau ikipakuliwa bila mnofu, shughuli hiyo itasimuliwa mtaani mpaka watoto wa maharusi waanze shule. Wengine hawahesabu kuwa wamealikwa mpaka wamwone ndafu amesimamishwa mezani, majani mdomoni.

Mwezi uliopita kazini kwetu tulikuwa tunamuaga fundi mitambo aliyestaafu. Mzee huyu ni Mhindu, mzaliwa wa Tanga, na tangu utoto wake hali nyama, samaki wala mayai. Kwa zaidi ya miaka thelathini amehudhuria sherehe zetu zote. Anachanga kama wengine, kisha anakaa pembeni na soda yake na kisahani cha karanga. Hakuwahi kunung'unika. Safari hii shughuli ilikuwa yake, na katika kikao cha kamati dada mmoja wa uhasibu akauliza: "Jamani, mgeni rasmi mwenyewe atakula nini?"

Kikao kizima kimya. Ndipo ikaamuliwa twende kwenye mgahawa wa Kihindi usiopika nyama, maeneo ya Kisutu hapa Dar es Salaam. Dereva wetu mmoja alipinga waziwazi. Alisema maharage amekula bweni miaka sita, haoni sababu ya kuyalipia tena uzeeni.

Basi tulikwenda. Kila mtu aliletewa sinia la chuma lililojaa vibakuli: dengu, bamia, biringanya, viazi vya binzari, na mchuzi mwepesi wa mtindi na unga wa dengu. Pembeni kulikuwa na achari ya embe, na chapati ndogo laini zilizopakwa samli. Mwisho wali, halafu mtindi mzito uliochujwa maji ukatiwa sukari, iliki na zafarani. Wahudumu walizunguka na ndoo zao ndogo, na kibakuli kikipungua kinajazwa bila malipo ya ziada. Dereva wetu aliongezewa mara tatu. Maharage ya bweni hakuyataja tena.

Lakini, wasikilizaji, kilichonigusa zaidi si utamu wa chakula. Pale mezani walikuwapo Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, Msabato mmoja na Wahindu wawili. Wote walikula chakula kimoja kutoka jiko moja. Hakuna aliyeuliza nani amechinja. Hakuna aliyenusa sufuria kwa mashaka, wala aliyetengewa meza ya peke yake.

Msione hilo ni dogo. Mwezi Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa hapa hapa Dar es Salaam. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja uligharimu maisha ya mchungaji mmoja. Nchi yetu inasifiwa kwa amani, na sifa hiyo ni ya haki, lakini kisu cha machinjioni kimewahi kuijeruhi.

Wala kujizuia nyama si mambo ya Wahindu peke yao. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hawali nyama, maziwa wala mayai siku za Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo yao mirefu. Wakatoliki huacha nyama Ijumaa za Kwaresima. Wasabato wengi hawaigusi kabisa. Wajaini wa India huenda mbali zaidi: wengi wao hawali hata vitunguu na viazi, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea na vijidudu vilivyomo udongoni. Kwa hao wote, kujizuia ni ibada. Asiyekula nyama hapaswi kuulizwa kama fedha zimemwishia.

Siwaambii muache nyama. Mwenye mbuzi wake na amchinje, na sisi tutafika mapema. Ninachowaomba wanakamati ni kuuliza kabla ya siku ya shughuli: miongoni mwa waalikwa, nani hali nini? Sufuria moja ya dengu na nyingine ya mboga haziwezi kufilisi michango ya harusi. Zipikwe mbali na supu ya ng'ombe, na zipakuliwe kwa upawa wake. Ule mtindo wetu wa kumwambia mgeni "ondoa minofu, kula mchuzi" ukome. Kwa asiyekula nyama, mchuzi wa nyama ni nyama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anarudi kwake na njaa, akitabasamu kwa adabu tu. Na mara nyingi mgeni huyo si mtu wa mbali. Ni jirani tuliyezaliwa naye mji mmoja, tunayelipa naye kodi ileile, na ambaye chapati, bajia na kachori za nyumbani kwao tumeshazifanya zetu.