Mchungaji na Sururu Yake

Jioni ya leo twataka kuwaeleza habari za mchungaji mmoja wa zamani wa nchi ya Ufaransa, jina lake Johann Friedrich Oberlin. Tumezichagua habari zake kwa sababu ya swali ambalo huulizwa mara nyingi na wanafunzi wetu wa ualimu, na hata na wazee vijijini: Je, kazi ya mtu wa dini hukoma mlangoni pa kanisa, au huendelea mpaka shambani, njiani na jikoni? Wako wasemao ya kwamba mchungaji akishika jembe ajivunjia heshima. Wako na wengine wasemao ya kwamba akijishughulisha na barabara na viazi aisahau Injili. Oberlin hakulijibu swali hili kwa maneno mengi. Alilijibu kwa kukaa mahali pamoja miaka 59.

Alizaliwa mjini Strasbourg tarehe 31 Agosti 1740, na baba yake alikuwa mwalimu. Mwaka 1767, akiwa kijana wa miaka 26, alipelekwa kuwa mchungaji wa Waldersbach, katika milima ya Vosges, nchi ndogo iitwayo Ban de la Roche. Usharika wake ulikuwa wa vijiji vitano vilivyotawanyika katika miteremko ya milima. Udongo wake mwembamba, na majira ya baridi marefu yenye theluji. Strasbourg haukuwa mbali sana, yapata maili 30 tu, lakini barabara haikuwapo, wala daraja imara juu ya mto Bruche. Kwa hiyo watu hawakuweza kuuza walichokuwa nacho, wala kununua walichokosa. Chakula kilipopungua, walikula matunda ya mwituni.

Elimu nayo ilikuwaje? Yasimuliwa ya kwamba Mchungaji Stuber, aliyemtangulia Oberlin, alipofika mara ya kwanza mwaka 1750 aliomba aonyeshwe shule. Akapelekwa katika kibanda, akakuta watoto tele wakipiga kelele, na mzee mmoja dhaifu amelala kitandani. Akamwuliza kama yeye ndiye mwalimu, na yule mzee akakubali. Akamwuliza awafundisha nini. Akajibu ya kwamba hawafundishi kitu, maana yeye mwenyewe hajui kitu. Basi aliwekwaje kuwa mwalimu? Mzee akaeleza ya kwamba miaka mingi alikuwa mchunga nguruwe wa kijiji, na alipozeeka hata asiweze tena kuwafuata nguruwe, akapewa watoto awachunge. Tucheke, wasikilizaji, lakini tusicheke sana. Kila kijiji huonyesha thamani ya watoto wake kwa mtu kinayemchagua kuwafundisha. Stuber alianza kuitengeneza kazi hiyo, na Oberlin akaipokea kutoka mikononi mwake.

Msidhani ya kwamba Oberlin alipokewa kwa vigelegele. Wengine walimwona kijana wa mjini aliyekuja kuwaondolea desturi za baba zao. Wasimuliaji wa maisha yake hueleza ya kwamba baadhi ya watu walipatana kumvizia baada ya ibada ya Jumapili wampige. Habari zikamfikia. Jumapili ile akahubiri juu ya uvumilivu wa Bwana Yesu mbele ya watu waliomdhulumu. Baadaye wale watu walikuwa wamekutana nyumbani kwa mmoja wao, mara mlango ukafunguliwa, naye mchungaji yu mbele yao, peke yake. Akawaambia ya kwamba amelisikia shauri lao, naye amekuja kujitia mikononi mwao ili wasitende dhambi ya kuvizia njiani. Wakaona haya, wakamwomba radhi, na chuki ikageuka kuwa urafiki.

Hata siku moja akawakusanya watu akawaambia, na tufanye barabara, na tujenge daraja. Watu wakatazamana. Wakasema haiwezekani, miamba ni mikubwa, na kila mtu ana shughuli zake. Oberlin hakuwa na askari wa kuwalazimisha, wala sheria ya kuwatoza faini. Alichukua sururu, akaiweka begani, akaenda kwenye miamba akaanza kupiga. Watu waliotazama hawakuweza kutazama kwa muda mrefu. Mmoja akaenda kuleta sururu yake, na wa pili, na wa tatu, hata njia ikajaa watu. Zana zilipopungua, aliwaandikia rafiki zake wa Strasbourg, nao wakaleta zana na fedha. Wakapasua miamba, wakajenga kuta za mawe za kuzuia udongo usiporomoke, na juu ya mto Bruche wakaweka daraja, likaitwa Daraja la Upendo.

Na tulifikiri jambo hili. Mtu aliyelazimishwa hufanya kazi mpaka msimamizi ageuze kisogo. Bali aliyevutwa na mfano mwema huendelea hata akiwa peke yake. Wahenga wetu wamesema, maneno matupu hayavunji mfupa. Nasi twaweza kuongeza ya kwamba hayavunji mwamba pia.

Katika kilimo alifanya vivyo hivyo. Alijua ya kwamba mkulima haamini kitabu, bali huamini mavuno. Kwa hiyo alichagua bustani zake zilizopakana na njia ya watu wote, akapanda humo miti ya matunda. Wapita njia wakaiona ikistawi katika udongo ule ule waliousema mbaya, wakaanza kuuliza imewezekanaje. Aliyeuliza alikuwa tayari kusikia, naye Oberlin akamweleza. Viazi ulaya vya huko vilikuwa vimedhoofika, akaleta mbegu mpya. Akawafundisha kukusanya samadi na majani makavu, wala wasitupe kitu kiwezacho kuoza na kuirutubisha ardhi, hata matambara. Vijana waliotaka kupokea kipaimara walitakiwa kwanza kuonyesha ya kwamba wamepanda miti. Wengine aliwapeleka Strasbourg wajifunze useremala, uashi na uhunzi, maana kijiji kisicho na fundi hununua kila kitu kwa bei ya mgeni.

Lakini kazi yake ambayo sisi walimu twaistaajabia zaidi haikuanza kwake. Ilianza kwa msichana wa kijiji cha Belmont, Sara Banzet, aliyekuwa akiwakusanya watoto wadogo nyumbani na kuwafundisha kufuma kwa sindano. Baba yake hakupendezwa, akiona ni kupoteza wakati. Oberlin alipopata habari hakusema, huyu ni mtoto wa mkulima tu, ajua nini? Alimwendea baba, akapatana naye, akamfanya Sara kuwa mwalimu mwenye mshahara. Basi tangu miaka ya 1769 na 1770 zilianzishwa shule za watoto wadogo katika vijiji vile. Wazazi walipokuwa shambani, watoto walifuma, waliimba, walitazama picha za wanyama na mimea, na kujifunza kusema Kifaransa vizuri. Hayo yalitokea zaidi ya miaka 40 kabla ya Robert Owen kufungua shule yake ya watoto wadogo huko New Lanark, Scotland, mwaka 1816. Sara alikufa kijana mwaka 1774, na wengine wakaishika kazi yake, hasa Louise Scheppler, aliyeingia nyumbani mwa mchungaji kama mtumishi.

Mchungaji huyu aliyapimaje mambo haya yote moyoni mwake? Twaona jibu katika masanduku matatu aliyoyaweka nyumbani. Kila alipopata fedha alitenga zaka katika kila sanduku. La kwanza lilikuwa la ibada na nyumba ya Mungu. La pili lilikuwa la mambo yenye manufaa kwa watu wote, kama barabara na shule. La tatu lilikuwa la maskini. Barabara haikungojea masalio ya fedha za kanisa. Ilikuwa na sanduku lake, nalo lilikuwa la Mungu sawasawa na yale mengine. Wala hakuacha sala kwa ajili ya kazi. Kila siku alikuwa na saa ya kuwaombea watu wake kwa majina, mmoja mmoja, na yasimuliwa ya kwamba majina yao aliyaandika kwa chaki mlangoni pa chumba chake ili asisahau mtu. Waliopita nje saa ile walipunguza sauti zao.

Taabu hazikumwepuka. Mwaka 1783 mke wake, Madeleine-Salomé, aliaga dunia akamwachia watoto wadogo. Baadaye yakaja mapinduzi ya Ufaransa; ibada zikazuiwa, mshahara wake ukakoma, na mwaka 1794 alikamatwa, ingawa aliachiliwa upesi. Katika siku hizo za hatari aliwapokea nyumbani mwake watu waliokimbia kuuawa. Hakuhama Waldersbach. Alikufa tarehe 1 Juni 1826, akiwa na miaka 85, akazikwa Fouday, mojawapo ya vile vijiji vitano.

Mwaka 1829 baraza la wataalamu wa lugha mjini Paris lilimpa Louise Scheppler tuzo kubwa kwa matendo yake mema. Mwaka 1833 Wamarekani walianzisha chuo katika jimbo la Ohio wakakiita Oberlin, na tangu mwaka 1835 chuo hicho kilikubali kuwapokea wanafunzi weusi, jambo ambalo vyuo vingi vya huko vilikataa. Hapo ndipo aliposoma kijana mmoja wa Kizulu, John Dube, ambaye alirudi kwao Afrika Kusini, akawa mchungaji, akaanzisha shule ya Ohlange ya elimu na kazi za mikono, na mwaka 1912 akawa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Daraja la mto mmoja mdogo laweza kupitisha watu wengi kuliko mjenzi wake alivyodhani.

Basi, enyi wanafunzi mnaojiandaa kuwa walimu, na ninyi wazee mnaosikiliza, tukumbuke ya kwamba Oberlin hakuomba kwanza watu wapende kazi yake. Aliangalia ni kitu gani kilichowazuia kuishi vizuri, akakiendea akiwa na zana mkononi. Karibu kila kijiji kina mahali pake pa miamba: kisima kilichoziba, darasa linalovuja, mjane ambaye shamba lake limemea magugu. Kesho asubuhi mmoja wetu atapita hapo. Na apite na sururu.