Je, Marehemu Huzaliwa Tena?

Somo: 2 Samweli 12:15–23, Waebrania 9:27



Leo tunazungumza nanyi kutoka Liboi, mpakani mwa Kenya na Somalia. Barabara itokayo hapa kwenda Dadaab na Garissa imeona machozi mengi. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, maelfu ya wakimbizi waliingia kwa njia hii. Na tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi.

Penye msiba wa namna hii, swali la zamani huamka: je, aliyekufa hawezi kurudi? Wengi wetu tulioletwa huku na kazi tumetoka katika makabila ambayo mtoto hupewa jina la marehemu. Kwa Wakikuyu, wazee wa zamani walisema kwamba roho ya babu imerudi katika mjukuu. Kwa Wajaluo, marehemu huja ndotoni kudai jina.

Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa baada ya msiba, akapewa jina la mjomba wake aliyeuawa. Siku moja anasema, "Nilijificha chini ya kitanda, nikasikia bunduki." Nyumba nzima inanyamaza. Bibi analia, "Mwanangu amerudi!"

Tusimcheke bibi huyo. Lakini tujiulize: mtoto amesikia habari hiyo mara ngapi, akicheza pembeni huku wakubwa wakisimulia? Hata Ulaya yako haya. Barbro Karlén wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1954, alidai kwamba yeye ndiye Anne Frank, msichana Myahudi aliyekufa katika kambi ya Wanazi mwaka 1945. Masimulizi yaweza kumjengea mtu kumbukumbu, naye akaisema pasipo nia ya kudanganya.

Tena tutazame mzigo tunaombebesha mtoto: hofu isiyo yake, na kifo ambacho hakufa yeye.

Mfalme Daudi alipofiwa na mtoto wake, aliinuka, akaoga, akala. Alijua kwamba mtoto hatarudi kwake, bali yeye ndiye atakayemwendea. Nao Waraka kwa Waebrania unatufundisha kwamba mwanadamu hufa mara moja tu, kisha hukumu. Majirani zetu Waislamu hapa Liboi nao wanangojea ufufuo siku ya kiyama. Kule kuzaliwa mara ya pili ambako Bwana Yesu alimweleza Nikodemo ni kwa Roho, nako ni kwetu sisi tungali hai.

Basi, ndugu, tumpe mtoto jina la mjomba wake kwa upendo, lakini tumwambie, "Wewe ni wewe, Mungu amekuumba wewe." Na marehemu wetu tumwachie Yeye aliyemfufua Yesu.

Tuombe. Ee Bwana, wafariji waliofiwa, uwalinde watoto wetu, utupe subira hadi siku ile. Amina.