Hotuba kwa Wanachama: Kuitwa Kuokoa Kazi Iliyoharibika



Tarehe 1 Oktoba 2013 Serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya raia kujiandikishia bima ya afya. Siku ya kwanza waliofaulu walikuwa sita tu! Mafundi wakaitwa kuiokoa, miongoni mwao Mikey Dickerson, aliyetoka Google. Wakafanya kazi mchana na usiku. Dickerson alibandika amri ukutani: mkutano ni wa kutengeneza kasoro, si wa kutafuta wa kulaumiwa, na aseme aijuaye kazi, si mwenye cheo kikubwa. (Wakubwa wetu hawaipendi hiyo ya pili.) Kufika Desemba tovuti iliweza kupokea watu 50,000 kwa pamoja.

Basi mkiitwa kazi kama hiyo, dai letu la kwanza ni fundi asikilizwe. La pili, ambalo halikubandikwa pale: saa za usiku zilipwe.