KUTHIBITISHA UZOEFU WA KAZI YA UFUNDI
Maelezo kwa watumishi wa umma na wakazi wa Nanganga. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji wa visiwani pia, wakiwamo wenye asili ya Nyanda za Makonde.



Jambo nililoombwa kulieleza ni namna fundi anavyothibitisha kazi aliyoifanya, pindi anapoomba ukazi wa kudumu katika nchi ya kigeni. Nitatoa mfano wa Kanada, kwa kuwa masharti yake yameandikwa waziwazi.

Wazee wetu waliotoka Masasi na Newala kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge walikijua kipande. Kilikuwa kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi, na mshahara ulilipwa zilipotimia siku 30. Hakuna aliyelipwa kwa kusifiwa kuwa ni hodari. Zilihesabiwa alama. Nchi zinazopokea mafundi leo nazo hufuata hesabu ya namna hiyohiyo.

Kwa mpango wa Kanada wa wafanyakazi wenye ujuzi, mwombaji hutakiwa kuonyesha angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi yenye malipo, yaani saa 1,560, katika miaka 10 iliyotangulia ombi lake. Saa zinazozidi 30 kwa wiki hazihesabiwi. Katika mpango wa mafundi stadi, hutakiwa miaka miwili ndani ya miaka mitano.

Ushahidi mkuu ni barua ya mwajiri. Barua hiyo iwe katika karatasi yenye kichwa cha ofisi, iwe na anwani na simu, na itiwe saini na msimamizi. Itaje jina la mfanyakazi, cheo chake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi alizozifanya hasa, saa kwa wiki, na mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu. Ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, iambatanishwe na tafsiri iliyothibitishwa ya Kiingereza au Kifaransa.

Ndugu watumishi, hapa napenda kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mkuu wa ofisi fulani, fundi wa magari aliyetumika chini yangu alikuja kuomba barua. Nilimwandikia kwamba amefanya kazi nasi kwa muda mrefu, kwamba ni mwaminifu na mchapakazi, na kwamba nampendekeza kwa yeyote. Niliiona barua nzuri. Baada ya miezi kadhaa alirudi na jibu: ombi limekataliwa, kwa kuwa uzoefu haukuthibitishwa. Haikuwamo tarehe, wala saa, wala neno moja kuhusu injini alizozifungua kwa mikono yake. Nilipoagiza daftari la mishahara ili niandike upya, tulikuta mchwa wamekwisha kulila nusu. Fundi hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Bwana mkubwa, kwani hukuniona nikifanya kazi?" Nilikuwa nimemwona kila siku.

Tangu siku hiyo naamini kwamba kuandika barua ya kazi ni wajibu, si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri wa Tanzania Bara ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yakiwamo kazi, tarehe ya kuanza, saa na ujira. Na ajira inapokoma, ampe cheti cha utumishi. Mfanyakazi asingoje kukisikia cheti hicho kwa jirani, akidai.

Sasa nawageukia mafundi wanaojitegemea, ambao ndio wengi hapa njia panda: waashi, maseremala, mafundi magari na washonaji. Kanada haipokei maelezo ya mtu kuhusu kazi zake mwenyewe, wala kiapo, kuwa uthibitisho wa kazi ya kujitegemea. Hutaka hati za umiliki wa biashara, ushahidi wa mapato, na maandishi ya wateja yanayoonyesha kazi iliyofanyika na malipo yaliyotolewa. Kwa hiyo leseni, risiti, makubaliano ya ujenzi na stakabadhi za kodi zitunzwe mahali pakavu, mbali na mchwa. Aliyeajiriwa naye atunze hati za mshahara na taarifa za michango yake ya NSSF.

Wapo waliojifunza ufundi chini ya mwembe, bila kuingia darasani. Kwao VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ieleweke, hata hivyo, kwamba cheti hicho huthibitisha ujuzi. Miaka ya kazi huthibitishwa na barua na stakabadhi. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Mwisho, natoa tahadhari. Asitokee mtumishi wa kumwongezea mtu miaka kwa huruma au kwa bahasha. Ofisa wa uhamiaji anaweza kumpigia simu mwajiri, na mwombaji akipatikana ametoa maelezo ya uongo huzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano. Huruma ya namna hiyo humfungia mtu mlango.

Ndugu zangu, wengi wenu hamtaondoka Nanganga, na wala siwahimizi kuondoka. Lakini barua yenye ukweli kamili humfaa mtu hata akiomba kazi Mtwara au Lindi. Anayeomba barua kesho asubuhi aandikiwe tarehe zake, saa zake na kazi zake.