Bukoba hadi Mwanza: Umbali wa Anga na Muda wa Safari



Kutoka Uwanja wa Ndege wa Bukoba hadi wa Mwanza, kwa mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria, ni takriban kilomita 175. Barabara hulizunguka ziwa, hivyo huzidi kilomita 400, ingawa Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa mwaka 2025, limeondoa adha ya kungoja kivuko.

Ndege hukaa angani chini ya saa moja. Hata hivyo, jumlisheni ukaguzi, mizigo, mwendo wa kutoka Ilemela hadi mjini, na hali ya hewa ya ziwani. Mwenye rufaa ya Bugando asubuhi asafiri siku moja kabla. Miadi ikipotea, aumiaye ni mgonjwa.