Kiti cha bei ya chini



Juzi nilipita Keko, hapa Dar es Salaam, kwa mafundi wa samani. Asiyepajua afuate tu harufu ya vanishi. Nilimkuta kijana mmoja, kiongozi wa kikundi cha mafundi wanane, anapiga msasa kiti. Nikamwuliza kazi zinakwendaje. "Kazi ipo, mzee. Hela ndiyo haipo."

Kikundi chake kilipata zabuni ya viti vya ofisi moja ya umma. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2023 inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, mimi naiunga mkono. Vijana wakanunua mbao kwa mkopo wa halmashauri, ule usio na riba, na viti wakavipeleka kwa wakati. Huu ni mwezi wa saba hawajalipwa. Marejesho ya mkopo yanadaiwa kila mwezi. Yaani mkono mmoja wa umma unawadai, na wa pili haujawalipa!

Zabuni iliyofuata, ya meza, waliikosa kwa bei. Hapo nikauliza habari ya mbao, akacheka. Waliulizwa bei, vipimo na siku ya kupeleka mzigo, basi. Hakuna aliyetaka kujua mti umekatwa wapi. Wao hutumia paini ya kupandwa, ya Sao Hill kule Mufindi, yenye hati zote. Lakini anayekata mninga porini usiku na kuusafirisha bila kibali halipi ushuru. Atashindwaje kushusha bei? Na mninga si mchicha, jamani. Ukiukata leo, wa kuuvuna pale pale labda ni mjukuu wako.

Najua maofisa ugavi watanijibu: ukiiacha bei ya chini, mkaguzi anakuuliza umekula nini. Hoja hiyo ina uzito. Basi sharti la hati ya mbao liandikwe tangu kwenye tangazo la zabuni, waombaji wote walione, na mkaguzi akague lililoandikwa. Fedha ya viti nayo itengwe kabla viti havijaagizwa.

Nilipoaga nikamwuliza kile kiti ni cha nani.

"Cha mama mmoja wa Temeke," akasema. "Yeye ameshalipa nusu."