Barua ya Kunyimwa Viza Ina Siku Zake

Maelezo ya Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi, Sudi

  

Katika mikutano ya namna hii tumezoea kuzungumzia maji, zahanati na leseni za uvuvi. Leo nimeombwa nizungumzie viza ya mwenza. Watoto wetu siku hizi wanaoa na kuolewa mbali, na ndoa iliyofungwa hapa mbele ya walii na mashahidi, watu wakala pilau wakashiba, huja kupimwa na ofisa aliyeketi Ulaya ambaye hajapata hata kuisikia Sudi. Ofisa huyo hakuwapo siku ya harusi. Anachokiona ni karatasi tu.

Dada mmoja wa hapa ameniruhusu nisimulie yaliyompata, ila jina lake nilihifadhi. Mumewe, mtu wa pwani hii aliyekwisha kupata uraia wa Uingereza, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee huko. Maombi ya viza waliyapeleka Machi 2024. Miezi ikapita, jibu likaja kwa barua pepe: amekataliwa. Dada yule aliifunga simu, asimwambie mtu, kwa siku 12. Aliona haya. Mitaani kulikuwa kumeanza minong'ono kwamba mume amemtelekeza, naye alihofu barua ile ingeitia nguvu.

Katika siku hizo 12 alimfikia kishoka, mtu wa maneno matamu, akamwahidi kumtengenezea cheti cha ndoa "kizuri zaidi" kwa malipo. Nashukuru Mungu hakuwa na fedha hizo. Chini ya kanuni za Uingereza, anayebainika kutumia hati ya kughushi katika maombi anaweza kufungiwa mlango kwa miaka 10.

Barua iliponifikia ofisini niitafsiri, nilikuta mambo ambayo yeye, kwa machozi, hakuyaona. Barua haikusema ndoa yao ni ya uongo. Ilisema jina lililo kwenye cheti cha ndoa halilingani na la hati ya kusafiria. Kwamba hati za mishahara za mume zilikuwa za miezi minne ilhali zilitakiwa za miezi sita. Na kwamba ushahidi wa mawasiliano yao ulikuwa haba. Na chini kabisa, kwa herufi za kawaida tu, ilieleza kwamba aliyeko nje ya Uingereza ana siku 28 za kukata rufaa. Kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kwenda.

Mumewe alitaka waombe upya, yaishe. Hapo ndipo mshauri wa uhamiaji alipoonyesha thamani yake. Alikuwa mshauri aliyesajiliwa, na hilo si jambo dogo: nchini Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1999, ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila sifa au usajili unaotambuliwa, na yeyote aweza kulitafuta jina la mshauri kwenye daftari lao kupitia intaneti. Mshauri aliwauliza tarehe ya maombi. Kisha akawaeleza kwamba kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kipato cha chini anachotakiwa kuwa nacho mwenyeji kilipanda kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Maombi yaliyowasilishwa kabla ya tarehe hiyo yaliendelea kupimwa kwa kiwango cha zamani. Mshahara wa mume ulivuka kile cha kwanza, haukukifikia cha pili. Kuomba upya kungekuwa kujifungia mlango kwa mikono yao wenyewe. Wakakata rufaa.

Kazi iliyobaki ilifanyika hapa hapa nyumbani, na sehemu hii ndiyo inayotuhusu sisi. Jina lake lina tahajia mbili, kama yalivyo majina mengi ya pwani. Shehe aliandika alivyosikia, karani wa hati ya kusafiria akaandika alivyozoea. Msaidizi wa kisheria wa kata alimwongoza kwa wakili, akaapa kiapo kwamba majina yote mawili ni yake, na mfungishaji ndoa akaandika barua ya kuthibitisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu haikusajiliwa, lakini mbele ya ofisa wa kigeni ndoa isiyo na cheti ni kama mtu asiye na kivuli. Mashehe wetu, nawaomba kwa heshima: mnapojaza kitabu, ombeni kwanza kitambulisho cha NIDA au hati ya kusafiria, mnakili jina herufi kwa herufi.

Mawasiliano ya simu ya miaka miwili yalipangwa kwa tarehe, yakaambatanishwa na stakabadhi za fedha alizokuwa akitumiwa na picha za likizo mbili ambazo mume alikuja. Mama yake aliona fedheha mazungumzo ya mtu na mkewe kusomwa na wageni. Mshauri alijibu kwamba ofisa hahitaji maneno ya faragha. Yatosha tarehe, na mazungumzo machache ya kawaida: umekula, mtoto wa dada ameponaje, paa linavuja.

Rufaa haikufika mbele ya hakimu. Idara husika ilizipitia karatasi mpya, ikauondoa uamuzi wake wenyewe. Cheti chake cha kipimo cha kifua kikuu, ambacho hudumu miezi sita, kilikuwa kimekwisha muda, ikambidi arudi Dar es Salaam kupima tena kwa nauli ya kukopa. Deni hilo amelilipa akiwa huko huko kwa mumewe.

Msaada wa kisheria unatambuliwa na sheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria huratibiwa kupitia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Hawaendeshi kesi za Ulaya, ila watakusaidia kuielewa barua na kuandaa hati za hapa.

Sasa tupokee maswali. Mwenye barua yake nyumbani asisubiri mkutano uishe. Aje nayo leo, pamoja na tarehe aliyoipokea.